Nyuzi kwenye sufuria

NEEMA: Karibuni tena. Leo Rashidi aliahidi kutupa mambo matatu anayomfundisha mwanafunzi wa gitaa la besi mwezi wa kwanza. Ila kabla hujaanza, Mwalimu, tueleze ya Jumanne.

RASHIDI: Zimekufikia?

NEEMA: Mama kanipigia mwenyewe. Anataka sufuria yake.

RASHIDI: Jamani! Ni hivi. Kijana wangu wa Magomeni, ana miaka 14, kaja na besi ya kuazima. Nyuzi zimekufa kabisa. Unagonga E, ule uzi mnene kuliko wote, inatoka "bu", kama unapiga godoro. Nikazifungua zote nne, nikazichemsha dakika kumi.

NEEMA: Kwenye sufuria ya maharage.

RASHIDI: Ndiyo iliyokuwa karibu. Ule waya uliozungushwa juu ya uzi unashika jasho na uchafu wa vidole, maji ya moto yanautoa. Halafu unazikausha vizuri, zisishike kutu. Tukazirudisha, akagonga E ileile. Kijana akanyamaza. Akagonga tena. Tena. Nusu saa yuko kwenye E tu, sikumzuia.

NEEMA: Na uhai huo ni wa siku ngapi?

RASHIDI: Chache. Lakini sikio limeshafunguka.

NEEMA: Mbona James Jamerson, yule mpiga besi wa studio ya Motown kule Marekani, alikaa na nyuzi zake mpaka zikatike? Hakugusa sufuria ya mtu.

RASHIDI: Zile ni nyuzi bapa, dada, waya wake wa juu ni kama utepe, na ule mlio mzito ndio aliokuwa akiutaka. Tena mkono wa kulia alipigia kidole cha shahada peke yake! Sikio ndilo lililomwongoza.

NEEMA: Na nota alisoma! Besi kubwa ile ya kusimama alijifunzia shuleni, Detroit. Huyu wako ana mtihani wiki tatu zijazo, mzazi kalipia saa nzima, nawe umempikia nyuzi.

RASHIDI: Nyumbani anasikilizia muziki kwenye simu. E ya chini ya besi ni hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, spika ya simu haiitoi. Nimwandikie nota ya kitu ambacho hajawahi kukisikia?

NEEMA: Wanakwaya wangu nawaanzishia solfa, kusoma do-re-mi, siku ya kwanza. Sauti na alama vinakua pamoja. Asiyesoma, kila wimbo mpya atarudi kukupigia hodi.

RASHIDI: Wanakwaya sauti zao wamezaliwa nazo, ziko kooni. Huyu hata besi kaazima.

NEEMA: Ndiyo maana asome! Besi ikirudi kwa mwenyewe, abaki na nini?

RASHIDI: Abaki na sikio.

NEEMA: Silikubali hilo, Rashidi.

RASHIDI: Nami sirudi nyuma.

NEEMA: Haya. Zimebaki dakika mbili na hata jambo la kwanza hujalitaja.

RASHIDI: La kwanza, besi inakaa na mpiga drams. Mguu wake ukishuka kwenye ile ngoma kubwa, kidole chako...

NEEMA: Mwalimu, hapo tutahitaji besi yenyewe mkononi. Muda hautoshi.

RASHIDI: Kweli. Basi.

NEEMA: Na Mama anasikiliza. Anasema maharage ya jana yalikuwa na ladha ya chuma.

RASHIDI: Nimeisugua mara tatu! Mama, Jumamosi nakuletea mpya. Hiyo niachie, kuna kijana mwingine anakuja Jumatatu.