Goethe, Wakili Aliyegeuka Mwinyi

Ndugu wasikilizaji, wale mlionisikia hapo awali mnajua nitaanzia wapi, nami sitawaangusha. Kila linapotajwa jina la Johann Wolfgang von Goethe, mwandishi mashuhuri wa Kijerumani, watu hukimbilia mashairi na tamthilia, na taaluma yake ya sheria huipa sentensi moja, kana kwamba ilikuwa homa ya ujanani iliyopona yenyewe. Mimi ninashikilia kwamba sheria ndiyo iliyomjenga. Babu yake mzaa baba alikuwa mshonaji nguo aliyehamia Frankfurt, akaoa mjane mwenye nyumba ya wageni, akatajirika. Baba yake, Johann Caspar, aliutumia utajiri huo kusoma sheria hadi udaktari na kujinunulia cheo cha mshauri wa kaizari. Mjukuu akawa mwinyi mwenye hati halali.

Goethe alianza masomo ya sheria Leipzig mwaka 1765, akayamalizia Strasbourg, ambako tasnifu yake ilikataliwa kwa sababu ya maoni yake juu ya dini na dola. Badala yake aliruhusiwa kutetea hoja 56 zilizoandikwa kwa Kilatini, akazitetea tarehe 6 Agosti 1771, na akapewa shahada iliyo chini ya udaktari lakini iliyotosha kumfanya wakili. Kati ya hoja hizo naomba mzishike mbili. Ya 53 inasema kwamba adhabu ya kifo isifutwe. Ya 55 inauliza iwapo mwanamke aliyemuua mtoto wake mchanga auawe naye, na jibu linalotolewa ni kwamba wanasheria wenyewe hawajakubaliana. Basi, hakuna neno zaidi.

Aliporudi nyumbani mwezi huohuo, Frankfurt ilikuwa na kesi ya Susanna Margaretha Brandt, mtumishi wa nyumba ya wageni, aliyeshtakiwa kwa kosa lilelile la hoja ya 55. Alikatwa kichwa kwa upanga, hadharani, tarehe 14 Januari 1772, na nakala za kumbukumbu za kesi yake zilikutwa baadaye katika makaratasi ya nyumba ya akina Goethe. Walimu wa fasihi hutueleza kwamba hapo ndipo alipochipukia Gretchen, binti anayemuua mtoto wake mchanga katika tamthilia yake ya Faust, na hilo sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba simulizi hukatishwa papo hapo, msomaji akaenda zake akiamini kwamba kijana huyu aliguswa na akabaki hivyo maisha yake yote.

Tuendelee nayo basi. Uwakili wa Frankfurt aliufanya kwa takriban miaka minne, akawa na kesi 28, nyingi akisaidiwa na baba yake kuandaa nyaraka. Katika ile ya kwanza, iliyowapambanisha baba na mwanawe, yeye na wakili wa upande wa pili, ambaye alikuwa rafiki yake wa utotoni, waliandika kwa ukali hata mahakama ikawakemea wote wawili. Mwishoni mwa 1775 alikwenda Weimar, nchi ndogo ya Kijerumani, kwa mwaliko wa mtawala wake kijana, Carl August, na mwaka uliofuata akaketi katika Baraza la Faragha, yaani baraza la washauri wa mtawala, kwa mshahara wa sarafu za fedha, thaler, 1,200 kwa mwaka. Tarehe 10 Aprili 1782 Kaizari Joseph II, mkuu wa dola iliyojumuisha Weimar, alimpa hati ya umwinyi. Msidhani alipewa kwa ajili ya mashairi. Mtawala alihitaji mjumbe anayeweza kuketi na wakubwa wa kasri bila mtu kuuliza ametoka ukoo gani.

Mwaka mmoja baadaye, mtumishi mwingine, Johanna Catharina Höhn, alimuua mtoto wake mchanga katika eneo la Weimar, akahukumiwa kifo. Carl August akasita. Alikuwa akifikiria kuiondoa adhabu ya kifo kwa kosa hilo na kuweka mahali pake fedheha ya hadharani pamoja na kifungo, akawataka wajumbe wa baraza watoe maoni yao kwa maandishi. Goethe aliandika insha ambayo imepotea, kisha tarehe 4 Novemba 1783 akaandika tamko fupi kwamba anaafikiana na wenzake wawili, na kwamba naye anaona ni vyema adhabu ya kifo idumishwe. Höhn alikatwa kichwa tarehe 28 mwezi huohuo.

Ninajua mtakayoniambia, kwa maana nimeambiwa mara nyingi. Mtasema kura yake ilikuwa moja tu na uamuzi ulikuwa wa mtawala. Ni kweli, lakini mtawala ndiye aliyekuwa akitafuta mtu wa kumuunga mkono. Mtasema sheria ya jinai ya dola, iliyodumu tangu 1532, iliamuru hivyo. Lakini swali lililowekwa mezani lilikuwa iwapo sheria hiyo ibadilishwe. Mtasema alikuwa mtu wa zama zake. Je, Carl August, aliyekuwa mdogo kwake kwa miaka minane, alikuwa wa zama zipi? Mimi ninamwona mwanasheria yuleyule wa 1771 akisimama juu ya hoja yake ya 53, na ile ya 55, aliyokuwa ameiacha wazi, akiifunga.

Na Siku ya Krismasi ya mwaka 1789 Christiane Vulpius, binti aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya maua bandia, alimzalia Goethe mwana nje ya ndoa. Watu wa Weimar walimnyanyapaa Christiane, lakini, tofauti na Höhn, alikuwa na paa, chakula na jina kubwa la kumkinga, na mtoto alihalalishwa na mtawala mwaka 1801. Ndoa yenyewe ilifungwa Oktoba 1806, siku chache baada ya vita vya Jena, wakati Wafaransa wamekwisha kuuteka mji.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo habari za mgodi wa Ilmenau, aliousimamia kwa niaba ya mtawala, ninaziruka zote. Shamba nalo nitalitaja kwa haraka: mwaka 1798 mheshimiwa alinunua shamba la Oberroßla, karibu na Apolda, akalikodisha, akaingia katika mivutano na mpangaji, na mwaka 1803 akaliuza. Wanaotaka kumtetea kuhusu Höhn sasa wanaweza kunyoosha mikono, ila waanze na hoja ya 53.