Buabua Hamalizi Samaki Wako

Wazee wangu, ndugu zangu wavuvi wa Deep Sea na Sahare hapa Tanga, nililolisema mwaka jana nalirudia leo, na mkinialika tena mtalisikia tena: huyu buabua mnayemlaumu hatumalizii samaki.

Namzungumzia buabua wa bahari kuu, mweusi mgongoni, mweupe kifuani na kwenye kipaji cha uso, mkia panda. Yuko bahari zote za joto, Hindi, Atlantiki, Pasifiki, na kwetu anataga Kisiwa cha Latham, kusini-mashariki ya Unguja. Kinda akishaondoka kisiwani hukaa huko baharini miaka kadhaa bila kukanyaga nchi kavu.

Sasa nisikilizeni. Ndege wa bahari huyu, lakini manyoya yake hayakinzi maji! Akikaa majini analowa, akilowa hawezi kuruka tena. Kwa hiyo hapigi mbizi. Anakula nini basi? Anamtegemea jodari. Jodari akilifukuza kundi la vidagaa kutoka chini, vidagaa wanakosa pa kukimbilia, wanachupa juu ya maji. Buabua anapita chini chini, anadonoa kimoja kwa ule mdomo wake mwembamba, huyo kapaa. Ngisi wadogo vilevile. Nahodha akiona ndege wanazunguka mahali pamoja anageuza usukani, maana anajua chini kuna jodari. Mnawafuata ndege kutafuta riziki, halafu mkirudi patupu mnawatukana wao!

Kijana pale nyuma anatikisa kichwa. Najua utasema: "Mwalimu, wako maelfu kwa maelfu, watakosaje kutumaliza?" Wanakula, ndiyo, ila wanakula kilichofukuzwa juu. Jodari akipungua, vidagaa wanabaki kina kirefu na buabua analala njaa, kama mtu aliyekaa ukingoni mwa kisima bila kamba. Na jodari kapunguzwa na nani? Mwaka 2015 tume ya jodari ya Bahari ya Hindi ilisema jodari wa mapezi ya manjano anavuliwa kupita kiasi. Zile ni meli na nyavu, si midomo ya ndege. Na baruti iliyovunja matumbawe yetu hapa Tanga, sijapata kumwona buabua akiiwasha.

Nilikuwa na habari ya mayai. Anataga moja tu, chini mchangani, na huko Ushelisheli yamewahi kuokotwa kwa kibali na kwa msimu... Haya, mwenyekiti keshasimama. Mayai tutayamaliza nje kwenye kahawa. Kipaza sauti apewe yule kijana.