Likizo ya Siku 28: Siku za Namna Gani?

Ndugu zangu wafanyakazi, mtu akikuambia Kenya likizo ya mwaka ni siku 21 na Tanzania ni 28, usikimbilie kusema sisi tumewazidi. Uliza kwanza: siku za namna gani?

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ya Tanzania Bara, inatoa siku zisizopungua 28 mfululizo. Mfululizo, yaani Jumamosi imo, Jumapili imo, na sheria yenyewe imetamka kwamba sikukuu ikiangukia humo nayo imo. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inahesabu siku za kazi tu.

Tuchukue makarani wawili wa Jumatatu hadi Ijumaa, mmoja Dar es Salaam, mwingine Nairobi, wote likizo imeanza Jumanne, 16 Desemba 2025. Wa Dar anamaliza Januari 12. Ndani yake zimemezwa wikiendi nne, Krismasi, Boxing Day, Mwaka Mpya na Mapinduzi. Siku za kazi alizopumzika kweli ni 16! Mwenzake wa Nairobi anarudi mezani Januari 19.

Hata hivyo, anayefanya kazi siku sita kwa wiki mambo humgeukia. Pasipo sikukuu, 28 zetu humpa siku 24 za kazi, na Mkenya hubaki na 21 zake.

Uingereza nako utaisikia 28 hiyohiyo, lakini hizo ni siku za kazi: wiki 5.6 kwa mwaka. Mwajiri anaruhusiwa kuzihesabia humo sikukuu, ila wikiendi haigusi. Ufaransa ni wiki tano tangu 1982. Mwaka 1936 walianza na mbili. Marekani, sheria ya taifa ya viwango vya kazi, ya 1938, haimlazimishi mwajiri kutoa hata siku moja ya likizo yenye malipo. Mfanyakazi anategemea mkataba na huruma ya bosi, na mimi naona hilo ni dhuluma kwa nchi tajiri kiasi kile.

Wajapani walikuwa na siku zao kisheria lakini wengi wakaona haya kuziomba. Tangu Aprili 2019, mwenye haki ya siku 10 au zaidi, mwajiri wake lazima ahakikishe amechukua angalau tano. Kifungu cha namna hiyo nakitaka hapa kwetu, pamoja na kimoja cha kuzitoa sikukuu kwenye zile 28.