Mbona Nyumba Unayo na Pesa Huna? Ukaguzi, Theluji na Bili za Minneapolis

Haya, hamjambo. Leo sikupanga kurekodi. Nimetoka zamu ya usiku, macho mnayaona yalivyo. Lakini swali limekuwa moja chini ya kila video: “Dada, nyumba si umeshanunua, mbona kila siku unalia pesa?” Na juzi mwingine kaongeza: “Ati ulimlipa mtu dola mia tano aje kuangalia nyumba, kwani wewe huna macho?” Huyo kapata laiki nyingi kuliko video yenyewe.

Niseme mapema maana nawajua. Sijisifu. Hii nyumba ni ya benki mpaka 2052, mimi nimepewa funguo tu. Na silalamiki pia, kwa hiyo wale wa “si urudi kwenu” wapumzike kidogo. Nimeulizwa, najibu. Mambo ya mkopo na malipo ya mwanzo siyarudii, video zake zipo.

Tuanze na huyo wa dola mia tano. Nilinunua Februari 2022, Minneapolis kaskazini, jimbo la Minnesota hapa Marekani, nyumba ya mbao ya mwaka 1926. Kipindi kile nyumba zilikuwa zinagombaniwa. Ajenti akanishauri niache ukaguzi ili muuzaji aipende ofa yangu, ati wenzangu wengi wanaacha. Nikamwambia kaka, anayeacha ukaguzi ni mwenye akiba ya kubomoa na kujenga upya. Mimi nalipwa kwa saa.

Na hapa watu wengi huchanganyikiwa, hata walioko huku. Nyumba moja inaangaliwa na watu watatu tofauti. Kuna mthamini wa benki: shida yake ni bei, nyumba itoshe kuwa dhamana, basi. Kuna ripoti ya jiji: Minneapolis na jirani yake Saint Paul zinamtaka muuzaji aite mtathmini mwenye leseni ya jiji kabla ya kuuza, na mnunuzi unaisoma bure. Nzuri, lakini ni ya kutazama kwa macho. Wa tatu ndiye mkaguzi wako mwenyewe, na pesa yake inatoka kwako. Yangu ilikuwa dola 475, kupima gesi ya radoni 150 juu yake, na kamera ya kuingiza kwenye bomba la majitaka 200.

Hiyo kamera, jameni. Tulisimama besmenti, kile chumba cha chini ya nyumba, mimi na fundi, tunaangalia kiskrini kidogo. Bomba la udongo wa kuchoma, la zamani kama nyumba yenyewe, maji machafu yanapita pole pole. Ikafika kwenye maungio nikaona mizizi ya mti imepenya na kuning'inia kama ndevu za babu, na karatasi za msalani zimenasa humo. Bomba lile ni langu mpaka linapoungana na la jiji, sio la serikali. Kulichimbua ni maelfu ya dola. Muuzaji alikubali kupunguza 4,000. Kwa hiyo wewe uliyeniuliza kama sina macho: ninayo, lakini hayaoni chini ya bustani.

Radoni wengi mlikuwa hamjaisikia. Ni gesi inayotoka ardhini, urani iliyomo kwenye udongo ikichakaa. Haina harufu, haina rangi, na baada ya sigara ndiyo inayoongoza kusababisha saratani ya mapafu huku Marekani. Idara ya afya ya Minnesota inasema nyumba kama 2 katika kila 5 za jimbo hili zina kiwango cha juu, na tangu 2014 muuzaji analazimika kisheria kusema anachojua kuihusu. Wanataka isifike pikokyuri 4 kwa lita ya hewa, ndicho kipimo chake. Yangu ilizidi. Nikawekewa bomba la plastiki linalotoka chini ya sakafu hadi juu ya paa, na feni yake inanguruma mchana na usiku. Mkisikia mngurumo kwenye video zangu, siyo maikrofoni mbovu.

Sasa kilichonikera, na hapa mnivumilie. Ripoti ya mkaguzi ilikuja, kurasa chungu nzima, picha za rangi. Soma maandishi madogo. Paa: halikukaguliwa, limefunikwa na theluji. Kiyoyozi: hakikuwashwa, nje kuna baridi. Ngazi za nyuma: hazikuonekana. Kweli, kiyoyozi ukikiwasha kwenye baridi unaweza kuua kompresa, sibishi. Lakini joto lilipokuja nikakiwasha, kikanguruma, kikazima moja kwa moja. Nikampigia. Akaniambia nisome mkataba, na kweli imeandikwa: dhima yake haizidi ada niliyomlipa. Yaani likitokea la kutokea, nitarudishiwa zile 475 na pole.

Na jambo moja lilinishangaza. Minnesota fundi umeme ana leseni ya jimbo, fundi bomba ana leseni, kinyozi ana leseni. Mkaguzi wa nyumba unayetegemea maneno yake kusaini deni la miaka 30, jimbo halimtaki leseni. Kuna vyama vya wakaguzi kama ASHI na InterNACHI vyenye mitihani na kanuni zake, kwa hiyo uliza yuko chama gani, na uombe uone ripoti aliyomwandikia mtu mwingine. Ukinunua majira ya theluji, omba iandikwe kwamba muuzaji anaacha pesa za paa na kiyoyozi mpaka vikaguliwe. Atakubali au atakataa. Mimi hilo hakuna aliyeniambia, na ajenti alikuwa na haraka ya kamisheni yake.

Haya, mbona sina pesa. Kwa sababu ukaguzi ni siku moja, na nyumba ina misimu minne. Kwetu Kisauni, Mombasa, mzee wangu alikuwa akipaka rangi mabati kabla ya masika, na chumvi ya bahari ikala nondo vile vile, kwa hiyo msiniambie kwetu nyumba haitaki matunzo. Tofauti ni kwamba kwetu bati likivuja unaweka ndoo na unamngoja fundi wiki ijayo. Huku Januari, joto likikatika usiku na nje kuko hasi 25, bomba la maji halikusubiri wiki ijayo.

Oktoba ndiyo mwezi wangu mbaya. Ule mfereji wa nje wa kumwagilia bustani: lazima nivue mpira, nishuke besmenti nifunge valvu ya ndani, nirudi nje nifungue mfereji maji yote yamwagike. Ukiacha mpira umeungwa, maji yanabaki ndani, yanaganda, yanatanuka, shaba inapasuka ndani ya ukuta. Na haikuambii siku hiyo. Inakungoja mpaka masika, siku unayofungua maji kumwagilia, ndipo besmenti inajaa. Kisha fundi wa mashine ya joto, kuisafisha na kuangalia kama haivujishi kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu, dola 150 hivi. Filta yake ya inchi 16 kwa 25 nabadilisha mwenyewe. Ikitoka ya kijivu ujue mapafu yako yalikuwa yanafanya kazi hiyo. Majani yakiisha kuanguka, gata, ile mifereji ya maji ya paa, zisafishwe. Ngazi sipandi, nalipa kijana.

Na theluji ikishaanguka kuna barafu ya ukingoni mwa paa. Joto la ndani linapenya darini, linayeyusha theluji, maji yanateremka hadi ukingoni kusiko na joto, yanaganda tena. Yanayofuata hayana pa kupita, yanarudi chini ya vigae vya paa, na wewe unaona doa la kahawia kwenye dari ya chumba cha kulala. Watu hupanda juu na shoka. Dawa ni kuziba nyufa za darini na kuongeza pamba ya kuzuia joto. Nyumba mpya hapa hutakiwa R-49, kipimo cha pamba inavyozuia joto, yangu ilikuwa na pamba iliyolala inchi chache tu. Kuiongeza ndiko kulikokula pesa za kuja nyumbani mwaka jana. Mamangu namwambia kila siku, anafikiri namkimbia.

Njia ya miguu mbele ya nyumba, jiji linakupa saa 24 baada ya theluji kukatika uwe umeshaifagia, la sivyo watafanya wao na bili ije kwako. Natoka zamu, nashika koleo.

Halafu barua. Riba yangu haibadiliki, ni kweli, lakini malipo ya mwezi yamepanda, kwa sababu benki inakusanya humo humo bima na kodi ya nyumba, ile ya serikali, sio ya kupanga. Bima wameniandikia kwamba mvua ya mawe ikiharibu paa, mimi naanza kutoa asilimia 2 ya thamani iliyokatiwa bima. Nyumba ya 300,000 ni 6,000 hizo, kabla wao hawajatoa senti. Wiki ile ile ya barua hiyo, kundi la ukoo la WhatsApp linachangisha harusi. Nikatuma nilichonacho. Binamu yangu akaandika mbele ya wazee: “Mwenye nyumba Marekani katuma shilingi elfu tano.” Ami zangu wakaweka vicheko. Sikujibu. Nimejibu leo, binamu, najua unatazama.

Haya yote ni yangu na nyumba yangu ya 1926. Usiyachukue kama sheria. Aliyeko Houston hana barafu, ana udongo unaovimba na kusinyaa mpaka msingi unapasuka. Mwenye fleti analipa ada ya jengo na koleo halijui. Nyumba mpya ina habari nyingine. Na sikusema usinunue, wala sikusema nunua. Mfuko ni wako.

La mwisho, kwa mliohamia Minnesota mwaka huu mkanunua, maana mmeniandikia wengi faragha. Ile fomu ya homestead, ya kuonyesha kwamba nyumba unaishi mwenyewe, inakupunguzia kodi, lakini haiendi yenyewe. Mwisho ni 31 Desemba, na uwe umeshahamia. Unajaza ofisi ya mthamini wa kaunti au kwenye tovuti yao, ni bure. Yule ndugu yetu anayewatoza dola 80 kuwajazia, mdaini pesa zenu.