Siku Watoto wa Malkia Walipoingia Kwenye Gemu la Tivii

Haya, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Leo naongelea It's a Royal Knockout, kipindi cha tivii cha Uingereza cha 1987, timu zinashindana michezo ya kuchekesha, najua wengi humu mlikuwa bado hamjazaliwa.

Ni Juni, pale Alton Towers, bustani ya burudani huko Staffordshire. Mwanamfalme Edward, mtoto wa mwisho wa Malkia Elizabeth, ana miaka 23, Januari ile ile kaacha mafunzo ya makomando wa Royal Marines, wanajeshi wa majini wa Uingereza, katikati, watu wanamsema weee, na yeye anataka kitu cha kwake. Basi akamvuta dada yake Anne, kaka yake Andrew na shemeji yake Sarah, kila mmoja kapteni wa timu, wamevaa minguo ya enzi za ngome na mapanga, kila timu inachezea shirika lake la hisani. Kaka yao mkubwa Charles na mkewe Diana hawakutokea, na mi nasema hao waliona mbali.

Sasa hapa watu wengi huwa wanachanganya. Wale wanne hawakucheza! Walikaa pembeni wanashangilia tu, waliokuwa wanagaragara na kuloa ni mastaa, kina Meat Loaf yule mwanamuziki, Gary Lineker wa soka, Christopher Reeve yule Superman wa sinema, watu wazima na heshima zao wanarushiana mapaja ya nguruwe ya bandia. Hela zilipatikana kweli lakini, zaidi ya pauni milioni 1, si mchezo.

Kilichoharibu siku ni yale ya hemani. Waandishi walikuwa wamewekwa kwenye hema, jioni Edward akaingia na furaha zake akawauliza wameonaje, wakabaki kimya, wengine wanacheka cheka. Akanuna akatoka. Sisi tunasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, huyu hakusifiwa akamwaga kibuyu kizima, na magazeti hayakuhitaji kingine, hela zile za hisani zikamezwa na ule mnuno.

Aliyeshinda nani? Anne, kwa ajili ya Save the Children, shirika la kusaidia watoto, na huyo mama alikuwa rais wa shirika hilo tangu 1970, yaani miaka 17 kabla ya hayo mapaja ya nguruwe, ndo maana hata leo ukimtaja hakuna anayekumbuka kama alikuwepo pale. Edward naye tivii hakuiacha, 1993 akafungua kampuni yake ya kutengeneza vipindi, Ardent, ikaja kufungwa 2009. Wewe mwenye shati la bluu ulinyoosha mkono muda mrefu, haya uliza.