Tazameni Miguu Kwanza

Habari za jioni, ndugu zangu. Kabla sijasema lolote, tazameni picha hii ukutani. Ni ukumbi wa jengo ambalo bado halijajengwa: sakafu, ngazi, vioo, vyote vimetoka kwenye kompyuta. Mama huyu aliyesimama katikati alipigwa picha studio. Kuna kitu hakikai sawa. Nani atakitaja?

Naam, nasikia huko nyuma: "Kama kabandikwa." Kweli, lakini kwa nini? Nywele zimekatwa vizuri kabisa. Shushieni macho miguuni.

Picha hii niliiharibu mimi mwenyewe. Kwenye kompyuta, kamera ilikuwa kwenye kimo cha mita 1.6. Studio nikapiga goti, kamera ikashuka hadi mita 1, maana mtu akipigwa kutoka chini huonekana mrefu na mwenye haiba. Sasa, kwenye sakafu tambarare mstari wa upeo, ule ambao sakafu ingeishia mbali kabisa, hupita kwenye kimo kilekile cha kamera. Ukumbini unatakiwa umpite mama usawa wa macho. Mimi nilimpiga ukimpita kiunoni. Tunaitazama sakafu kwa juu, viatu tunaviona kwa ubavu. Ndiyo maana anaelea, na hakuna ufundi wa kubandika utakaomshusha.

Kwa hiyo siku hizi naanza na jengo. Kamera ya kompyuta ikishatulia, naandika kwenye karatasi kimo chake, umbali wake hadi atakaposimama mtu, na jua linatoka upande gani. Karatasi hiyo naibandika ukutani studio. Lenzi? Watu hunisumbua sana na lenzi. Kinachoamua umbo la mtu ni umbali. Lenzi inachagua tu kipande gani cha mandhari kiingie.

Taa ndiyo mtihani wenyewe. Jua liko mbali mno, kichwa na miguu vinapata mwanga uleule. Taa ya studio sivyo: ikiwa mita 1.5 kutoka kichwani na mita 3 kutoka miguuni, miguu inaambulia robo ya mwanga wa kichwani. Kwa picha ya uso, wala hutajua. Mweke mtu huyo kwenye uwanja wa jua kali, kichwani ni mchana, miguuni magharibi imeingia! Irudisheni taa nyuma, mita 6 kutoka kichwani na 7 kutoka miguuni, na miguu itapata karibu robo tatu. Studio ikiwa finyu, msigombane na ukuta. Fanyeni siku ya kwenye kompyuta iwe ya mawingu. Anga hainuni ikibadilishwa. Mtu aliyekwisha kwenda nyumbani, kumrudisha ni kazi.

Mwaka 1998 Paul Debevec, mtafiti wa picha za kompyuta, alionyesha jinsi mpira unaong'aa kama kioo unavyonasa mwanga wa mahali halisi, ukatumika kuangazia vitu vya kompyuta. Wekeni mpira wa namna hiyo pale aliposimama mtu, muupige picha moja tu. Mtaona taa zote ndani yake. Kitambaa cha kijani, kile cha kutundika nyuma ya mtu ili akatwe kwa urahisi, mimi nimekiacha; kinapaka shavu rangi ya majani. Cha kijivu kinatosha.

Haya, picha ya pili. Mama ni yuleyule, amepigwa upya. Tukuze hapa, chini ya soli ya kushoto. Mnaona kijistari cheusi, chembamba, pale kiatu kinapogusa sakafu? Hicho kimenichukua alasiri nzima.