Deni Likibaki, Nani Anadaiwa?

Ndugu zangu, wengi wanaotaka kuanzisha biashara huulizia kwanza kodi na ada za usajili. Mimi nawaomba mtangulize swali jingine: biashara ikianguka na madeni yakabaki, mdai atabisha hodi kwa nani?

Biashara ya mtu mmoja haina utata. Kisheria wewe na biashara yako ni kitu kimoja. Faida yote ni yako, na deni vilevile. Mali ya biashara isipotosha, mdai anaweza kufuata hata mali yako binafsi. Kwa shughuli ndogo isiyo na mikopo, aina hii inatosha.

Kinachonitia hofu ni ubia. Katika nchi nyingi ubia hauhitaji hata karatasi. Mkifanya biashara pamoja mkilenga kugawana faida, sheria inaweza kuwahesabu kuwa wabia ingawa hamjawahi kujiita hivyo. Hapo yanaingia mambo ambayo hamkuyapanga. Sheria ya Ubia ya Uingereza ya mwaka 1890, kwa mfano, inasema pasipo na makubaliano mengine, faida na hasara hugawanywa sawa kwa sawa, hata kama mmoja ndiye aliyeleta karibu mtaji wote. Tena saini ya mbia mmoja, katika shughuli za kawaida za biashara, inawafunga wote. Mwenzako akikopa kwa jina la biashara kisha akatoweka, unaweza kudaiwa deni zima, si nusu. Andikeni mkataba mngali mnaelewana: nani kaleta nini, nani anasaini, mmoja akifa au akitaka kujitoa itakuwaje. Lakini mkumbuke kwamba mkataba huo unawabana ninyi kwa ninyi; mdai wa nje haumzuii.

Kampuni ndiyo iliyoleta ukuta kati ya madeni ya biashara na mali yako binafsi. Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London, aliigeuza biashara yake kuwa kampuni mwaka 1892. Mkewe na watoto wao watano walikuwa na hisa moja moja. Yeye alishika zaidi ya 20,000. Kampuni ilipofilisika, mfilisi, yaani msimamizi wa mali ya kampuni iliyofilisika, alitaka Salomon alipe madeni ya kampuni, kwa hoja kwamba kampuni ile ilikuwa yeye mwenyewe kwa jina jingine. Mwaka 1896 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo ilikataa: kampuni iliyosajiliwa kihalali ni mtu kamili mbele ya sheria, na madeni yake si ya wanahisa. Mwanahisa hupoteza alichowekeza, basi. Naiona hukumu hiyo kuwa ya haki, maana aliyeikopesha kampuni alijua anaikopesha kampuni.

Ushirika nao huweza kuwa na ukuta kama huo. Tofauti yake ni kwamba kila mwanachama ana kura moja, awe na hisa nyingi au chache.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Benki inapoikopesha kampuni changa, mara nyingi humtaka mkurugenzi aidhamini yeye binafsi. Ukishasaini, kwa mkopo huo ukuta haupo tena. Kisome kifungu hicho kabla ya vingine vyote, na kama huwezi kukikwepa, dai kitaje kiwango cha juu cha fedha unayodhamini na tarehe ambayo dhamana yako inakoma.